Chai, shubiri, mwarobaini au mpera: dondoo lipi la majani kwa ngozi yenye mzio?

Watu wengi huuliza: "Ni majani gani yanayotibu pumu ya ngozi (ekzema)?" Swali hilo linaanzia mwisho. Jani lilelile likichemshwa kwa maji, likilowekwa kwenye alkoholi au likikolezwa kwenye mafuta hutoa madondoo matatu tofauti, yaani vimiminika vitatu vilivyobeba viambato tofauti vya jani. Tena ngozi inayovuja majimaji haihitaji kile kinachohitajiwa na ngozi iliyokauka ikapasuka. Ndiyo maana jirani anasifu mwarobaini, na wewe ukiutumia unaungua.

Hapa tunalinganisha majani yanayotumika zaidi kwa mambo matatu: hali ya ngozi, namna dondoo lilivyotengenezwa, na kama limewahi kujaribiwa kwa binadamu au limeishia kwa panya wa maabara. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hakuna dondoo kati ya haya linaloponya mzio wenyewe. Baadhi hutuliza vizuri, baadhi hayafanyi kitu, na machache huongeza tatizo.

Itazame ngozi kwanza

Kuna ngozi mbichi: imevimba, ina malengelenge madogo, inavuja. Kuna iliyoanza kutulia: majimaji yamekauka, magamba yametokea, mwasho upo. Halafu kuna ngozi sugu, iliyokuwa nene kwa kukunwa, mistari yake imekolea. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Mara nyingi huonekana rangi ya zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Weka mgongo wa mkono juu ya sehemu hiyo: joto lake litakuambia zaidi ya rangi.

Madaktari wa ngozi wana kanuni ya zamani: iliyolowa ikaushwe, iliyokauka ilainishwe. Ukiishika kanuni hiyo, nusu ya uchaguzi umekwisha.

Pia tenganisha pumu ya ngozi na mzio wa mguso. Pumu ya ngozi hutokana na ukuta dhaifu wa ngozi, mara nyingi kwa upungufu wa protini iitwayo filagrini, pamoja na kinga ya mwili inayochachamaa kupita kiasi. Mzio wa mguso husababishwa na kitu mahususi: nikeli ya kifungo cha mkanda, manukato, rangi ya nywele. Kifungo kikiendelea kugusa tumbo, hata dondoo bora halitafua dafu.

Chai nyeusi: kwa ngozi inayovuja

Kwa ngozi mbichi, chaguo letu la kwanza ni chai nyeusi ya kawaida, na tunalisema bila kusita. Tanini zake, yaani viambato vyenye uchungu, hukaza protini za juu ya ngozi, hivyo majimaji hupungua, na maji yanayokauka kutoka kwenye kitambaa hupoza joto na mwasho. Mwaka 2019 ilichapishwa tathmini ya wagonjwa 22 waliokuwa na ugonjwa wa ngozi usoni, wakawekewa vitambaa vya chai nyeusi pamoja na krimu ya kulainisha. Walipata nafuu ndani ya siku chache. Hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, kwa hiyo huo si ushahidi mzito. Ila njia yenyewe ni salama na inaeleweka inavyofanya kazi.

1. Weka gramu 4 hadi 5 za majani makavu (vijiko viwili vya chai, au vifuko viwili) kwenye mililita 250 za maji yaliyochemka sasa hivi. Tumia chai isiyo na viungo wala manukato.
2. Funika, acha dakika 10 hadi 15. Chai ya kunywa hutolewa mapema ili isiwe chungu. Hapa uchungu ndio tunaoutaka, kwa kuwa ni tanini.
3. Chuja kwa kitambaa safi, acha ipoe kabisa.
4. Lowesha chachi yenye tabaka nne hadi sita, ikamue kidogo isichuruzike, iweke juu ya sehemu inayovuja kwa dakika 15 hadi 20. Kila baada ya dakika 5 ilowanishe tena.
5. Ondoa, acha ngozi ikauke kidogo, kisha ndani ya dakika tatu paka mafuta au krimu isiyo na harufu.
6. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Majimaji yakikoma, acha.

Hatua ya sita ndiyo wengi huiruka. Kwa kawaida uvujaji hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Ukiendelea wiki nzima, tanini hukausha kupita kiasi, ngozi hupasuka, na mtu hudhani mzio umerudi. Makosa mengine ni ya jikoni. Ukitia maziwa, protini zake hushikana na tanini na kazi yote inapotea. Ukichemshia kwenye chombo cha chuma kisichopakwa kitu, tanini huungana na chuma na maji huwa meusi kama wino. Chachi ikiachwa mpaka ikauke ikagandia, ukiibandua unaondoka na ngozi mpya, ilowanishe kwanza. Na chai iliyobaki ikae kwenye friji si zaidi ya siku moja.

Je, kuinywa? Kuna jaribio moja la chai ya oolong (chai iliyochachushwa nusu), lililochapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 118 wenye pumu ya ngozi sugu waliendelea na dawa zao huku wakinywa chai iliyotengenezwa kwa gramu 10 za majani katika lita moja ya maji yaliyochemka, ikiachwa dakika 5 na kugawanywa mara tatu baada ya chakula. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 63 walikuwa na nafuu ya wastani au kubwa. Hapa pia hapakuwa na kundi la kulinganisha, na pumu ya ngozi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu mzima mwenye afya anaweza kujaribu. Mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, kwa sababu tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto na mjamzito tusiwaanzishie.

Shubiri: kwa mwasho na joto, si kwa ukavu

Shubiri ina vimiminika viwili ndani ya jani moja, na kuvichanganya ndilo kosa kubwa. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye aloini. Huo huwasha ngozi. Katikati kuna ute mweupe unaopenyeza mwanga, ambao karibu asilimia 99 yake ni maji, na kilichobaki ni sukari ndefu kama asemanani pamoja na viambato vingine vichache. Huo wa katikati ndio unaotakiwa.

Kata jani la nje lililokomaa, karibu na shina. Lisimamishe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 10 hadi 15 mpaka njano ichuruzike yote. Osha, kata miiba ya pembeni, chuna ganda kwa kisu chembamba na acha milimita moja au mbili za ute ubaki na ganda, kwa maana njano hujificha hapo. Suuza kipande cha ute kwa maji safi mpaka rangi yote ya njano itoke, kisha kiponde. Kitumie siku hiyohiyo; kikigeuka hudhurungi au kuwa majimaji mepesi, kitupe.

Hupoza haraka, jambo lisilopingika. Lakini kwa kuwa ni maji karibu yote, hukauka na kuiacha ngozi imekaza kuliko ilivyokuwa. Pakaza tabaka jembamba, subiri dakika chache, kisha funika kwa marhamu au mafuta mazito. Wanaosema "shubiri ilinikausha" wengi wao hawakufunika. Usitegemee pia ipenye na kutuliza kinga ya mwili: molekuli zinazovuka ngozi nzima kwa kawaida zina uzito usiozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na sukari za shubiri ni kubwa mno kuliko hapo. Inafanya kazi juu juu, na kazi hiyo ina thamani yake. Kwenye ngozi sugu iliyokuwa nene, sisi tunaiacha.

Mwarobaini: sifa kubwa, ila za ugonjwa mwingine

Mwarobaini umejipatia jina kwa upele wa kuambukiza (skabi) na fangasi zaidi kuliko kwa mzio. Katika uchunguzi wa awali uliochapishwa mwaka 1992, watu 814 wenye upele wa kuambukiza walipakwa ujiuji wa mwarobaini na manjano, na asilimia 97 walipona kati ya siku 3 na 15. Sasa fikiria mtu anayejikuna usiku, akidhani ana mzio, kumbe ana upele. Anaoga mwarobaini, anapona, na habari inasambaa kwamba majani haya yanatibu mzio. Kwa hiyo kama mwasho umezidi usiku, uko katikati ya vidole, kiunoni na kwenye vifundo vya mikono, na wengine ndani ya nyumba wanajikuna pia, hilo si suala la kuchagua dondoo, kapimwe upele.

Kwa mzio wenyewe, maji ya mwarobaini yana nafasi ndogo: kupunguza vijidudu kwenye ngozi iliyokunwa, maana bakteria aina ya stafilokoka hupenda sana ngozi ya namna hiyo. Chemsha gramu 30 za majani mabichi, karibu konzi moja, kwenye lita moja ya maji kwa dakika 10, chuja kwa kitambaa kizito (vipande vya majani hukwaruza), changanya na maji ya kuogea yenye uvuguvugu wa nyuzi 32 hadi 35. Dakika 10 zinatosha. Suuza, kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, paka mafuta. Usizidishe mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu hukausha.

Majani yaliyopondwa na kubandikwa moja kwa moja hatuyashauri kabisa. Kuna watu waliopata mzio wa mguso kwa mwarobaini wenyewe. Na mafuta yake, yanayotoka kwenye mbegu, mtoto asinyweshwe hata tone: yamewahi kudhuru ubongo wa watoto wadogo.

Mpera na mlonge: bado viko maabara

Majani ya mpera yana tanini kwa wingi, pamoja na kwesetini, kiambato cha jamii ya flavonoidi. Katika seli za ngozi za maabara, dondoo lake hupunguza kemikali zinazoita seli za kinga zije kuwasha moto. Kwesetini huzuia seli za masti (aina ya seli za kinga) zisimwage histamini, kemikali inayoleta mwasho, tena uzito wake ni daltoni 302, kwa hiyo angalau ina ukubwa wa kupenya. Mlonge nao umejaribiwa kwa panya waliosababishiwa ugonjwa unaofanana na pumu ya ngozi, na ngozi zao zikapata nafuu.

Ila angalia jinsi majaribio hayo yanavyofanywa. Dondoo huchujwa kwa viyeyushi vya maabara mpaka libaki sehemu moja iliyokolea, kitu ambacho sufuria haliwezi kutoa. Ngozi ya panya ni nyembamba kuliko yetu, hivyo dawa hupita kwa urahisi. Kutoka hapo hadi kumpaka mtoto maji ya majani ni safari ndefu.

Tukilazimika kuchagua kati ya hayo mawili, tunachukua mpera, kwa kuwa maji yake yana tanini na yanaweza kushika nafasi ya chai nyeusi kwenye ngozi inayovuja. Mlonge mbichi uliopondwa una dosari: jani likipondwa hutoa aisothiosayaneti, jamii ya kemikali zinazofanya haradali iwe kali. Kwenye ngozi nzima unaweza usisikie kitu. Kwenye ngozi iliyochubuka unachoma.

Krimu za viwandani zenye dondoo

Hamamelis, kichaka kiitwacho "witch hazel" kwa Kiingereza, inauzwa sana kama krimu na maji ya kupaka, hutengenezwa kwa majani na magome ya Hamamelis virginiana, na hapa tuna bahati ya kuwa na jaribio zuri. Mwaka 1995, wagonjwa 72 wenye pumu ya ngozi ya wastani walilinganishwa kwa siku 14: krimu ya hamamelis, krimu tupu isiyo na dawa, na krimu ya haidrokotisoni (steroidi hafifu) ya asilimia 0.5. Zote zilipunguza mwasho na wekundu. Haidrokotisoni ilishinda, na hamamelis haikuizidi krimu tupu.

Matokeo hayo yatafakari vizuri, kwani yanaeleza sehemu kubwa ya sifa za mitishamba ya ngozi. Krimu yenyewe, bila jani lolote, huponyesha kiasi. Mtu akipaka krimu ya mimea asubuhi na jioni akapata nafuu, huenda nafuu hiyo imetoka kwenye mafuta.

Asidi ya rosmarini, inayopatikana kwenye majani ya rozmari na perila (mmea wa jamii ya mnanaa), inatia moyo kidogo zaidi. Mwaka 2008 wagonjwa 21 walipakwa krimu yenye asilimia 0.3 mara mbili kwa siku. Wekundu ulipungua na ngozi ikapoteza maji kidogo kuliko awali. Ni jaribio dogo. Na usijaribu kuiga kwa mafuta yenye harufu ya rozmari: hayo hutolewa kwa mvuke, na asidi hii haipandi na mvuke. Utapata harufu tu, ambayo ni adui wa ngozi yenye mzio.

Maji, alkoholi au mafuta

Dondoo la maji hubeba tanini na sukari, halina ukali, lakini huoza haraka. Saa 24 kwenye friji ndiyo ukomo wetu, hata kama bado linanukia vizuri.

Dondoo la alkoholi hubeba flavonoidi nyingi na hukaa miezi. Ila alkoholi ya asilimia 60 au 70 kwenye ngozi iliyopasuka huchoma, na huyeyusha mafuta machache yaliyobaki kwenye ukuta wa ngozi. Kwa pumu ya ngozi tunalikataa.

Dondoo la mafuta hufaa ngozi kavu, kwa sharti kwamba majani yawe makavu kabisa. Unyevu ukibaki, ukungu huota. Na chaguo la mafuta lina uzito kuliko jani. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yalionekana katika utafiti wa mwaka 2013 kudhoofisha ukuta wa ngozi ya watu wazima, ilhali ya alizeti hayakuudhoofisha. Tumia ya alizeti.

Mafuta ya majani ya Melaleuca alternifolia, yanayouzwa kwa jina la "tea tree" (si mmea wa chai ya kunywa), yasiguse ngozi ya namna hii. Yakipata hewa na mwanga, viambato vyake huoza na kuwa vyanzo vikali vya mzio wa mguso, kiasi kwamba hospitalini hutumika katika vipimo vya mzio. Epuka pia majani ya ndimu na jamii yake, ambayo yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi, na majani yoyote yanayotoa utomvu mweupe.

Dondoo au haidrokotisoni?

Kwa ngozi iliyovimba kwelikweli, haidrokotisoni ya asilimia 1 hushinda kila dondoo tulilolitaja, na ikitumiwa kwa kipimo ina madhara machache kuliko watu wanavyohofia. Kipimo ni rahisi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Chini ya yote kuna mafuta ya kulainisha, tena kwa wingi: mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyoenea huhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Familia nyingi hutumia kopo dogo kwa mwezi kisha huhangaika na majani.

Basi chai au mpera kwa siku za kuvuja, shubiri kwa usiku wa mwasho, mwarobaini mara mojamoja kwa ngozi inayoshika uchafu na vijidudu. Havigombani na haidrokotisoni. Siku unayotumia haidrokotisoni, ipake kwanza baada ya kitambaa cha chai, subiri dakika 20 hadi 30, ndipo upake mafuta.

Jaribu kabla, na chunguza kopo

Kupaka tone mara moja na kutazama asubuhi hakutoshi. Mzio mpya huchukua siku 10 hadi 14 kujengeka mwilini, na hata mwenye mzio tayari huonyesha dalili baada ya siku mbili au tatu. Paka eneo la sentimita 5 upande wa ndani wa mkono, kwenye ngozi nzima, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Vipele, joto au mwasho vikitokea, osha na usirudie. Zoezi la namna hii lifanywe kwa dondoo moja tu kwa wakati. Ukichanganya matatu, hutajua lipi lililokuumiza.

Marhamu ya "mitishamba tupu" isiyo na orodha ya viambato itilie shaka, hasa ikifanya maajabu. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina, na 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali, bila mgonjwa kuambiwa. Baadhi zilipakwa usoni kwa watoto. Dalili zake ni nafuu ya ghafla ndani ya siku mbili tatu, ugonjwa kulipuka ukiacha, na ngozi kuwa nyembamba yenye mishipa inayoonekana.

Acha majani yote na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona vidonda vidogo vya duara vilivyofanana, vyenye maumivu na homa: hiyo huenda ni virusi vya malengelenge (herpes) vilivyoingia kwenye pumu ya ngozi. Maganda ya njano kama asali, uvimbe kuzunguka macho, au mtoto chini ya mwaka mmoja ambaye mwili wote umewaka, navyo havisubiri chai ipoe. Beba kopo la krimu na tawi la majani uliyotumia. Daktari wa ngozi anaweza kuvijumuisha kwenye kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni, ambacho husomwa baada ya saa 48 na tena siku ya tatu au ya nne.